Shauri la Mwisho Kabla Boma Halijawa Hoteli

Iringa Mjini,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu,

Shikamoo. Ninakuamkia nikiwa nimekalia benchi langu la kazi, maana viti vyote nilivyotengeneza vimeshapelekwa vyumbani kwa wageni, na mimi siruhusiwi kuvikalia. Mwili wangu hauna neno. Kile kikohozi cha baridi ya mwezi wa saba kimekwisha, na sweta uliyonifumia naivaa kila asubuhi mpaka jua litoke. Sijui wewe. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda kule mlimani kwenye viazi, au umekubali Salome aende peke yake? Na mvua, je, imeshika huko Ilomba? Hapa inanyesha na kuacha, inanyesha na kuacha, kama mtu asiyejua anachotaka.

Salome mdogo wangu, wewe unayemsomea Mama, soma polepole. Usirukeruke. Pale nitakapotaka uruke, nitakuambia mwenyewe.

Mama, katika barua yenu ya mwisho uliuliza: mtu atalalaje ofisini? Nilicheka sana, halafu nikaona ni swali la maana, kwa sababu hata watu wa hapa waliuliza hivyo hivyo. Mambo yalikuwa hivi. Tangu madaraka yaletwe mikoani, maofisa wamekuwa wengi, na boma la zamani likawashinda. Wamejengewa ofisi mpya upande wa pili wa mji. Hili la zamani lilijengwa kwa mawe enzi za Mjerumani, na kuta zake ni nene, hata ukilaza mkono wako wote kwenye kizingiti cha dirisha vidole havifiki nje. Kulibomoa ni hasara, kuliacha tupu ni kulea popo. Na barabara ya lami siku hizi inapitisha malori na mabasi ya kwenda Zambia bila kukatika, wasafiri wakifika hapa hawana pa kulala. Basi wakubwa wakaamua: boma liwe hoteli.

Kwa hiyo tangu mwaka jana sisi mafundi tumekuwa tunageuza ofisi kuwa vyumba. Pale palipokuwa na karani wa kodi sasa pana jiko. Chumba cha Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, ambamo zamani mtu wetu alikuwa anaingia kofia mkononi, kimewekwa vitanda viwili na bafu lenye maji ya moto. Rumande ndiyo stoo ya bia. Zile nondo za dirisha lake mhunzi wetu alizikata akaziunganisha, zikawa wavu wa kuchomea nyama, na nyama yake ni tamu, sitakuficha.

Kazi haikuwa nyepesi. Dari la vyumba vya nyuma lilikuwa limeoza, siku moja kipande kikanidondokea begani, nikakaa bila kushika randa kwa muda mrefu. Sikukuandikia wakati ule kwa kuwa ungepanda basi kuja. Njaa nayo ilitugusa kama ilivyowagusa ninyi. Tulikula ugali wa unga wa njano mpaka tukausahau ule mweupe. Lakini tulikula.

Kilichotuchekesha ni watu. Ofisi zimehama, tangazo limebandikwa, lakini watu wa vijijini wanaijua njia moja tu, ile ya bomani. Unakuta asubuhi wamekaa barazani na mafaili yao, na kuku wao, na watoto wao, wanangoja kuitwa. Sisi tuko juu ya ngazi tunapaka chokaa, wao wako chini wanatuamkia kama makarani. Mzee mmoja alimfuata msimamizi wetu, Mzee Mgaya, ambaye ni Mbena wa Njombe, mtu mnene mwenye kofia ya kazi na penseli sikioni. Kwa ile penseli mzee akaamini amempata mkubwa mwenyewe. Akamweleza ugomvi wa mpaka wa shamba lake tangu mwanzo. Mzee Mgaya akasikiliza mpaka mwisho, akajibu:

"Mzee wangu, nimekusikia vizuri. Lakini mimi ninachoweza kukupa ni mlango au dirisha tu."

Ndipo akamtoa mtu mmoja ampeleke kwenye ofisi mpya.

Katika watu hao wa barazani alikuwamo mwanamke mmoja. Sasa, Mama, hapa ndipo penye barua yenyewe, hayo mengine yalikuwa ya kukaribishia tu.

Jina lake Veronika. Ni Mhehe, kwao ni kijiji kimoja njia ya kwenda Pawaga. Alikuja na mtoto wa kike mgongoni, Agnesi, aliyekuwa ameanza tu kusema. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa reli, akaugua huko kambini akafariki. Baada ya matanga, kaka za marehemu wakakaa kikao wakaamua kwamba Veronika atakaa kwa shemeji yake mkubwa, na shamba, na nyumba, na mtoto, vyote viende pamoja naye. Yeye akakataa. Wakamfungia mlango wa nyumba.

Akaja bomani kushtaki. Akakuta mafundi.

Tulimwelekeza kwenye ofisi mpya kama tulivyowaelekeza wote. Akaenda. Kule wakamwambia shauri lake limepokewa, angoje siku ya kuitwa, na alete mashahidi. Lakini angoje wapi? Mjini alikuwa na mama mmoja wa jumuiya yao ya kanisani aliyempa pa kulala, mchana akawa hana pa kwenda. Akarudi kwenye baraza letu. Meneja wa hoteli, ambaye aliletwa kutoka Dar es Salaam kabla hata hoteli haijawa hoteli, akamwona pale, akamwambia aondoke, mahali hapa si pa kungojea tena.

Veronika hakubishana. Akauliza tu: "Basi mna kazi gani hapa, nifanye?"

Mzee Mgaya akajibu kabla ya meneja: "Maji. Tunahitaji wa kutuletea maji ya zege."

Akachukua ndoo. Tangu siku ile akawa mwenzetu. Aliteka maji, alichekecha mchanga, na mchana alitupikia. Mtoto alikuwa akicheza na maranda ya mbao zangu, anayavaa mikononi kama bangili. Mimi nilikuwa nasema naye maneno machache tu. Yeye naye si msemaji. Lakini nilikuwa nimeanza kujua hatua zake zikiwa barazani, hata nikiwa nimempa mgongo.

Sasa sikia ilivyokuja kuwa. Katika jengo zima kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu ambacho hatujakigusa, nacho ni ukumbi wa baraza, ambamo kesi zilikuwa zikisikilizwa. Bado palikuwa na jukwaa la hakimu na kizimba cha mbao ya mninga. Mimi nilipewa kazi ya kuvibomoa, nitengeneze kaunta ya mapokezi, na ukumbi uwe wa kulia chakula. Meneja alitaka iwe tayari kabla ya Jumamosi, kwa sababu wakubwa walikuwa wanakuja kukagua. Nilikuwa nimeshatoa ubavu mmoja wa kizimba, naona akaingia hakimu, na karani wake nyuma, wamebeba vitabu.

"Nani mkubwa hapa?" akauliza.

Ukumbi wa ofisi mpya, akasema, umejazwa magunia ya unga wa njano wa kugawia vijiji, hapana hata pa kuweka kiti. Watu wameshaitwa, wengine wametembea tangu juzi. Anaomba atumie ukumbi wa zamani kwa siku hiyo tu.

Meneja akakataa. "Ndugu Hakimu, mimi nina ratiba. Hapa sasa ni hoteli."

"Hoteli ipi? Mbona sioni hata sahani?"

Meneja akatikisa kichwa. Karani wa hakimu akaanza kusoma majina ya waliokuwa nje ili awaambie warudi makwao, waitwe tena mwezi mwingine. La Veronika lilikuwamo. Nilimwona mlangoni na ndoo kichwani. Alikuwa amelisikia jina lake. Hakuitua ile ndoo. Alisimama nayo tu.

Mama, mimi unanijua, si mtu wa kusema mbele ya wakubwa. Lakini niliinua ule ubavu wa kizimba, nikauweka mahali pake, nikaanza kuupigilia misumari. Nyundo yangu ikawa inalia ukumbi mzima. Meneja akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia, "Naurudisha, mzee. Kuubomoa tena ni kazi ya asubuhi moja, na nitakuja alfajiri." Mzee Mgaya akacheka mpaka penseli ikaanguka. Akamwambia meneja kwamba kama wakubwa watalalamika Jumamosi, wamlalamikie yeye. Meneja akatoka nje kuvuta sigara. Nadhani naye hakuwa na moyo mbaya, alikuwa na hofu ya kazi yake.

Hakimu akapanda jukwaani, akapangusa vumbi la mbao kwa leso yake, akaketi. Kesi zikapita, ya mbuzi, ya mpaka, ya kijana aliyempiga mwenzake kilabuni. Ya mwisho ikawa ya Veronika. Sisi mafundi wote tulikuwa tumejazana madirishani, na zile kuta nene zilitufaa, ukikaa kwenye kizingiti unakaa kama kwenye kiti.

Shemeji mkubwa akasema kwanza. Ni mtu mzima, mwenye koti la kijani na sauti ya upole. Akasema wao hawana ubaya na mjane wa ndugu yao, wanataka kumtunza tu kama desturi inavyotaka, lakini yeye amekuwa na kiburi cha mjini.

Hakimu akamgeukia Veronika. "Unasemaje?"

"Mheshimiwa, mimi sikukataa kumlilia mume wangu. Nimemlilia mwaka mzima, na huyu shemeji ananiona. Ninachokataa ni kugawiwa."

"Na hilo shamba lenu la bondeni, nani alilifyeka?" hakimu akauliza.

Shemeji akadakia: "Limelimwa kwa jembe la marehemu!"

"Jembe lilikuwa lake, kweli," Veronika akasema. "Yeye alikuwa relini. Nilililima mimi, nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Muulizeni balozi wetu wa nyumba kumi, yuko hapo nje."

Balozi akaingia. Alikuwa amechoshwa na safari kwa uzee wake, hata kusimama kizimbani ilikuwa taabu, nami niliomba Mungu ule ubavu niliopigilia harakaharaka ubebe uzito wake. Ulibeba. Akathibitisha kila neno. Alimwona mama huyu akifyeka peke yake, alimwazima hata panga.

Salome, kama baba mdogo amekaa hapo anasikiliza, ruka hapa, umsomee Mama akiwa peke yake.

Mama, niliposimama pale dirishani nilikukumbuka wewe. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka baba mdogo alivyokuja baada ya msiba wa Baba, akakaa sebuleni na wazee wake wawili, na wewe ukatoka jikoni na mikono ina unga, ukawaambia chai iko tayari lakini habari nyingine hakuna. Sisi watoto tulikuwa tunakutazama kwenye upenyo wa mlango. Hujatuambia hata siku moja uliogopa kiasi gani. Niliiona hofu hiyo kwa Veronika siku ile, shingoni, mahali mshipa unaporuka, ingawa sauti yake haikutetemeka.

Salome, endelea sasa.

Hakimu akaandika kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba sheria ya ndoa ya sasa hairuhusu mjane alazimishwe kwenda kwa mtu asiyemtaka, na hilo halina mjadala. Mtoto atakaa na mama yake. Shamba la bondeni ni la mama kwa kuwa amelifyeka mwenyewe. Nyumba, kwa kuwa ilijengwa kwenye kiwanja cha ukoo, ibaki kwa ukoo, ila wamrudishie vyombo vyake vyote vilivyofungiwa ndani.

Hakupata vyote, Mama. Ile nyumba bado inamuuma, aliikandika udongo mwenyewe. Lakini madirishani sisi tulipiga makofi, na mmoja akagonga karai kwa mwiko. Hakimu akakunja uso.

"Kimya! Hii bado ni mahakama."

Akafunga kitabu chake, akakusanya kalamu, akavua miwani. Akatutazama. "Sasa si mahakama tena," akasema. "Endeleeni na kazi yenu."

Shemeji mkubwa alitoka bila kuaga. Watu wakatawanyika. Mimi nikachukua nyundo nikaanza kung'oa misumari yangu mwenyewe. Veronika akaja akasimama karibu.

"Hii mbao utaifanya nini?"

"Kaunta. Ya kuandikishia wageni."

Akaishika upande mmoja. "Shika huko basi. Ni nzito, utaumiza lile bega."

Nilikuwa sijawahi kumwambia habari za bega langu. Tukaibeba wawili mpaka kwenye karakana yangu.

Jumamosi wakubwa walikuja, wakakuta kaunta imesimama lakini haijapigwa vanishi, na hakuna aliyeuliza. Hoteli imefunguliwa sasa. Wageni wa kwanza walikuwa madereva wa malori, na bwana mmoja aliyestaafu, ambaye zamani alikuwa karani humu humu. Aliomba alale katika chumba kilichokuwa ofisi yake. Asubuhi alishuka na macho mekundu, akasema kila alipofumba macho alihisi Mzungu atamkuta amesinzia kazini. Lakini amekuja tena, na safari hii ameomba chumba kingine.

Mimi nimeombwa nibaki kuwa fundi wa hoteli, maana milango ya jengo kama hili haiishi maneno. Nimekubali. Veronika naye ameajiriwa, anafua mashuka na kutandika vitanda. Shamba lake amewaachia dada zake walilime msimu huu, wagawane mavuno. Ana chumba chake mjini, na vyombo vyake vilirudishwa vyote isipokuwa chungu kimoja.

Na mimi nimemwomba tuoane.

Sikukuomba ruhusa ya kumpenda, Mama, kwa sababu jambo hilo lilitokea bila hata mimi kuombwa. Lakini kuoa nakuomba. Najua ulikuwa umemtazamia binti wa jirani yetu wa kanisani, na ni binti mzuri, simtoi kasoro. Najua pia watakachosema: ni mjane, ana mtoto, ni Mhehe, ni Mkatoliki. Yote ni kweli. Mimi nayataja hapa mwenyewe ili usiyasikie kwanza kwa mtu mwingine.

Nilipomwambia, alikuwa anaanika mashuka nyuma ya jengo. Hakuacha kuanika.

"Mama yako anajua?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi bado hujaniuliza."

"Veronika, mimi ni mtu mzima."

"Najua. Lakini mimi nimetoka kwenye shauri la wakwe juzi tu, nikasimama mbele ya watu kama mwizi. Sitaingia tena katika nyumba ambayo mwenyewe hajaniambia karibu. Mama yako akisema hapana, nitaendelea kukufulia shuka, sitakuchukia. Akisema ndiyo, nataka alitamke yeye."

Kisha akanipa ncha ya shuka nishike, tukalikamua pamoja, na hatukuzungumza tena jambo hilo. Anacheka na mimi kama kawaida. Agnesi ananiita Baba Mbao, jina hilo alinipa mwenyewe. Wala sina huzuni, Mama. Nafanya kazi, nalala vizuri, Jumapili naimba kwaya ya hapa. Ni kwamba tu kila basi la Mbeya likisimama, natoka kulitazama.

Mambo ya kwenda kwa wazazi wake, wazee watayapanga wenyewe kwa desturi zetu na zao, hayo hayanitishi. Likizo yangu ni baada ya Krismasi. Nikija, nataka nije nao wote wawili. Njia nzima ni lami sasa, tutapumzika Chimala tukununulie mchele.

Nisalimie shangazi yangu wa Mwanjelwa, muuza ndizi, mwambie sijapata ndizi kama zake huku. Nisalimie baba mdogo, kwa heshima yote, na mkewe. Nisalimie mwinjilisti wetu aliyenifundisha kusoma, na fundi aliyenipa randa ya kwanza, kama bado anaona vizuri. Salome, wewe nakuletea kitambaa, nimeshakinunua.

Mimi mwanao,
Lugano

Nilikuwa nimefunga bahasha, nimeifungua tena. Veronika amepita hapa akaniuliza naandika nini, nikamwambia ukweli. Akasema nikuandikie "kamwene", ndiyo salamu ya kwao. Halafu akauliza, "Kwenu mwanamke mgeni anamwamkiaje mama wa nyumba?" Nikamfundisha: ugonile. Amekwenda jikoni akilirudia taratibu, na namsikia mpaka sasa, bado analikosea kidogo mwishoni. Mama, ukiona inafaa, Salome asijisumbue kuandika barua ndefu. Aandike neno hilo moja tu, ugonile, kwenye karatasi, alitume kwa jina la Veronika, naye atajua umemkaribisha.